Walimu wa Kiingereza mlioko nje: mmewahi kudharauliwa na walimu wenzenu wa kigeni? Tupeane uzoefu

KibaoCheusi

Wakuu, habari za usiku huko nyumbani. Huku Isaan, kaskazini mashariki mwa Thailand, kumekucha, naandika nikiwa zamu ya getini. Watoto wanapita wananipigia wai, ile salamu yao ya kuunganisha viganja, na mimi natikisa kichwa tu maana mkono mmoja una simu na mwingine una mwavuli.

Jana kwenye kikao cha idara katambulishwa mwalimu mpya. Kijana Mwingereza, kaja Thailand kutalii na begi la mgongoni, hela ikamwishia kisiwani, akachukua kile cheti cha TEFL, cha kufundisha Kiingereza kwa wageni, cha saa 120 mtandaoni, sasa ni mwenzetu. Hapo sina neno, kila mtu na njia yake ya kufika mjini. Kilichonichoma ni mkuu wa idara kutangaza mbele ya watu wote kwamba kuanzia wiki ijayo kijana atakuwa anakaa nyuma ya darasa langu kusikiliza matamshi. Yangu, si ya wanafunzi. Mimi nimesoma ualimu Mkwawa. Nimefundisha sekondari ya kata, watoto tisini chumba kimoja, kitabu kimoja nacho hakina jalada. Hapa shuleni mitihani ya katikati ya muhula natunga mimi na wote wanaitumia. Kijana badala ya kuona haya, tumetoka nje kanipiga bega kaniambia nisiwe na wasiwasi, atakuwa mpole.

Mshahara wake baht elfu 38, wangu elfu 22. Hilo tunalijua wote, tusiligeuze kuwa uzi wa mishahara. Nauliza heshima ya sisi kwa sisi, walimu wageni. Mlioko China, Vietnam, Uarabuni, hata mliovuka mpaka tu hapo jirani, mwageni.

Lulu ya Ziwa

"Atakuwa mpole." Hahaha jamani, mkuu ulijizuiaje?

KibaoCheusi

Kibali cha kazi kinaisha Machi. Ndicho kilichonizuia.

Mzee wa Kericho

Hii nimeipitia Hanoi. Nilifanya kipindi cha majaribio, wazazi wamekaa nyuma, watoto wameongea mpaka wamechoka, wazazi wakapiga makofi. Nikajua kazi ni yangu. Jioni meneja ananiita, anasema kipindi kilikuwa kizuri sana ila wazazi wameuliza mwalimu wa kwenye bango atakuja lini. Bango liko hapo nje barabarani, kuna jamaa mweupe anacheka na tufe la dunia mkononi. Nikamuuliza meneja huyo ni nani. Hamjui. Picha waliitoa mtandaoni.

Wakanichukua mwishowe, lakini kwa darasa la watu wazima la usiku, mahali wazazi hawafiki. Na walimu wenzangu Wazungu waliona sawa tu. Mmoja akaniambia biashara ni biashara.

Mpemba wa Ruwi

Assalaam aleikum. Mimi niko Muscat, Oman, nafundisha mwaka wa msingi wa Kiingereza chuoni. Yangu hayana rangi ndani yake, ndiyo maana yanauma zaidi.

Mie na mdogo wangu wa kike tumetoka tumbo moja, Wete. Mie nimesoma Dar, nina shahada ya pili ya kufundisha Kiingereza. Mwenzangu alikwenda Uingereza akiwa mdogo, kaolewa huko, kapata pasi yao. Shahada yake ni ya mambo ya hoteli, halafu akafanya CELTA, cheti kifupi cha kufundisha Kiingereza. Tuliomba kazi kwa wakala mmoja, chuo kimoja, mwaka mmoja. Yeye akapewa daraja la juu, nyumba na tiketi za watoto. Mie nikaambiwa daraja langu ni la "wasio wazawa wa lugha". Mama yetu mmoja, Kiingereza chenyewe nyumbani tulifundishwa na baba huyo huyo mmoja!

Na hii ndiyo nchi ambayo baada ya Sultan Qaboos kushika hatamu 1970, watu waliorudi kutoka Unguja na Pemba na Kiingereza chao walipokelewa maofisini kwa mikono miwili. Wazee wetu hapa walishika madaraka kwa sababu ya Kiingereza cha Zanzibar. Leo mie mjukuu wao naambiwa Kiingereza cha Zanzibar hakitoshi.

Mdogo wangu, wallahi, ananionea aibu. Mazoezi ya sarufi ananiletea nimsahihishie kabla hajaingia darasani.

Mtoto wa Gongo la Mboto

Bi, huyo mdogo wako si akugawie basi nusu?

Mpemba wa Ruwi

Hutoa karo ya mtoto wangu mmoja. Usimseme.

Chausiku_T

Nilikuwa napita tu ila mmenigusa. Yangu ndefu, mwenye chai achote.

Nilikuwa nasoma uzamili China, mkoa wa Zhejiang, viza ya mwanafunzi. Posho ya ufadhili inatosha kantini na bando, lakini nyumbani nina mama na wadogo. Wabongo waliotangulia wakaniunganisha na kituo cha masomo ya ziada, kazi za Jumamosi na Jumapili. Siku ya kwanza meneja kaniuliza natoka wapi. Tabora. Akasema hapana, wewe unatoka London, jina lako Jessica. Basi nikawa Jessica wa London, na koti nikanunuliwa.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu mvulana wa Ulaya Mashariki, kwenye bango kaandikwa Mike, Mmarekani. Kiingereza chake watoto wa miaka minane walikuwa wanakisahihisha. Wakati uliopo na uliopita kwake ni kitu kimoja. Ila macho ya bluu, nywele za dhahabu, kwa saa analipwa mara mbili yangu. Maandalio ya masomo yote naandika mimi kwa mkono, yeye anakuja na gita. Nikimwambia leo ni viulizi, ananijibu wazazi wanataka kuona watoto wanacheka. Na kweli watoto walicheka. Siku za masomo ya wazi wazazi wakijaa, Mike ndiye anasimama mbele, mimi mhitimu wa ualimu nimesimama pembeni nashika kadi za picha. Kadi zenyewe nimechora mimi.

Sasa Jumamosi moja niko katikati ya kipindi, meneja kaingia uso umempauka, kanivuta mkono, kanisukuma kwenye chumba cha vifaa. Namkuta Mike keshatangulia, kakalia boksi la midoli. Polisi wako mapokezi wanakagua vibali. Nasikia wanauliza walimu wa kigeni wako wapi. Meneja anajibu hapa hatuna mgeni hata mmoja. Na hapo ukutani picha zetu mimi na Mike ni kubwa kuliko mlango.

Nina mwanafunzi mmoja, mtoto mtulivu kweli, muhula mzima sijawahi kusikia sauti yake. Nilishamwambia mama yake tuwe na subira. Wiki hiyo tulikuwa tunajifunza kusema kitu kipo wapi: ndani ya, juu ya, chini ya. Polisi wako darasani wanazunguka, mara mtoto kanyoosha mkono, kanyoosha na kidole, kasema kwa Kiingereza, sentensi nzima, kila neno mahali pake: "Mwalimu Jessica yuko ndani ya kabati. Mwalimu Mike yuko juu ya boksi."

Nawaambieni ukweli, mle ndani gizani kitu cha kwanza kilichonijia ni furaha. Kaelewa!

Kituoni wakatutenganisha. Mike akawaambia yeye huja pale kupiga gita tu, mwalimu ni yule dada, na ushahidi ni maandalio, yote mwandiko wake. Muda wote ule nilikuwa natamani huyu mtu aseme mbele za watu kwamba mwalimu ni mimi. Kaja kulisema polisi.

Nikapigwa faini yuan 5,000, chuo kikaitwa, nikapewa onyo la maandishi. Kituo kikasema hakinijui, na hela ya mwezi ule ikayeyuka.

Lulu ya Ziwa

Nimecheka hadi mtoto kaamka. Pole dada, lakini "juu ya boksi"!

Mzee wa Kericho

Huyo mtoto apewe alama zote.

Wakili Asiyeitwa

Chausiku umepona kwa tundu la sindano. Sheria yao ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika Julai 2013, inasema anayefanya kazi bila kibali ni faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likionekana kubwa anawekwa ndani siku 5 hadi 15. Umepigwa kiwango cha chini kabisa. Mwajiri naye hutozwa kwa kila kichwa, ndiyo maana meneja alikuwa hana damu usoni.

Kinoo Kwetu

Mimi nitasema lisilopendwa. Dada ulivunja sheria, ukakubali jina la uongo na London ya uongo, halafu unatuletea habari za heshima ya taaluma. Heshima gani hapo? Ninyi ndio mnaotuharibia tuliofuata utaratibu.

Chausiku_T

Utaratibu upi kaka? Tangazo la kazi halali linataka pasipoti ya Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland au Afrika Kusini. Nchi saba. Tanzania umeiona hapo?

Kinoo Kwetu

Nimo China kwa viza ya Z, ile ya kazi, pasipoti ya Tanzania, nafundisha Fizikia kwa Kiingereza shule ya sekondari ya kimataifa. Njia zipo. Ukiwa na somo, hawakuulizi mambo ya uzawa wa lugha. Nilihangaika na vyeti wizarani na ubalozini mpaka nikachoka, lakini nalala usingizi.

Chausiku_T

Hongera. Mimi somo langu ni Kiingereza. Nifanyeje, nijifanye sijui?

Mtoto wa Gongo la Mboto

Kinoo mwache dada wa watu. Ila nina swali. Mike aliishia wapi?

Chausiku_T

Naye walimtoza. Akahamia mji mwingine. Baadaye akanitumia ujumbe anaomba yale maandalio ya viulizi.

Lulu ya Ziwa

Ukampa?

Chausiku_T

Nilimtumia anwani ya kituo cha polisi, nikamwambia yapo huko. Hata hivyo Julai 2021 serikali yao ikavibana vituo vya masomo ya ziada nchi nzima, vingi vikafa. Kile chetu sasa ni duka la chai ya maziwa.

Mwanafalsafa wa Ubungo

Wakuu, turudi kwenye mada. Chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza, TESOL, kilitoa tamko rasmi 2006 kupinga ubaguzi dhidi ya walimu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kimesema mwalimu apimwe kwa mafunzo, uzoefu na umahiri wake. KibaoCheusi chapisha hilo tamko umpelekee mkuu wa idara.

KibaoCheusi

Mkuu, huku hata notisi ya kubadilisha ratiba wanaituma saa nne usiku kwa kibonzo cha paka. Tamko la 2006 nitaliwekea kibonzo gani?

Mzee wa Kericho

Usipeleke tamko. Peleka rekodi. Siku kijana akikaa nyuma ya darasa lako, mpe nusu ya kipindi afundishe yeye, wewe ukae nyuma na kalamu. Mpole kwa mpole.

Bwana Chenchi

Ushauri wa bure: funga mdomo, kula mshahara, nunua kiwanja Kibaha. Heshima utaikuta kwenye hati ya kiwanja.

Mtoto wa Gongo la Mboto

Sasa nina jambo na ndugu zangu wa Kenya, naona mnalia sana humu. Si ninyi mlikuwa mmejaa Arusha na Moshi kwenye shule za mchepuo wa Kiingereza? Nimefundisha moja ya hizo. Bango la shule limeandikwa kwa herufi nyekundu, "Tuna walimu kutoka Kenya na Uganda". Mimi nina shahada, jirani yangu dawati la pili ana diploma ya Eldoret, analipwa zaidi yangu na nyumba juu. Tukiwa kwenye kikao ananisahihisha Kiingereza mbele ya mkuu wa shule. Leo mmeonja.

Mzee wa Kericho

Ndugu yangu, nilikuwa mmoja wao, Moshi. Kwanza hiyo nyumba ilikuwa chumba kimoja nyuma ya bweni. Pili, 2015 ilipotoka ile sheria ya ajira za wageni, tulifungashwa virago katikati ya muhula, darasa la saba wanakaribia mtihani. Vibali mwenye shule alikuwa amekula hela, hakulipia. Msitufanye tulikuwa wafalme.

Mtoto wa Gongo la Mboto

Sijasema wafalme. Nimesema ulilipwa zaidi kwa sababu ya bango.

Mzee wa Kericho

Nililipwa kwa sababu nilikuwa nafundisha! Matokeo yetu yalikuwa yanaonekana.

Lulu ya Ziwa

Na huyu kijana wa begi akiulizwa atajibu hivyo hivyo.

Mtoto wa Gongo la Mboto

Lulu umemaliza.

Mzee wa Kericho

Hajamaliza kitu. Mimi nilisomea ualimu. Msifananishe.

Kinoo Kwetu

Kiingereza cha Wakenya tunakijua, kelele nyingi.

Mzee wa Kericho

Na cha kwenu ni kimya kabisa.

Mjomba wa Mbarara

Banange, punguzeni. Mimi niko upande wa tatu. Rwanda walipohama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza mashuleni, uamuzi wa 2008, walihitaji watu wa kuwasaidia walimu wao. Waganda tukaingia kwa wingi. Nikapangiwa shule ya kijijini, kazi yangu kumkalia darasani mama mmoja aliyekuwa karibu kustaafu, amefundisha kwa Kifaransa maisha yake yote. Mimi nimetoka chuoni juzi. Yaani KibaoCheusi, huyo kijana wako ndiye mimi.

Yule mama Kiingereza kilikuwa kinamkwama kila mstari. Lakini darasa lake! Watoto sitini, kila mmoja anajua zamu yake ya kusema, hakuna anayelala, anayeshindwa anasaidiwa na jirani kabla mwalimu hajafika. Mimi nikisimama na Kiingereza changu cha kunyooka, dakika kumi watoto wananitazama tu. Tukakubaliana kimya kimya: mimi namtengenezea sentensi, yeye ananionyesha namna ya kushika darasa. Kwenye ripoti niliandika kwamba anaendelea vizuri. Yeye hakuulizwa aandike kuhusu mimi, na hapo ndipo penye kasoro. Mkaguzi anatumwa upande mmoja tu. Mwaka 2022 wakaletwa Wazimbabwe, nadhani nao kuna mama wanakaliwa huko.

KibaoCheusi

Mjomba hii nimeisoma mara mbili. Asante.

Mwalimu wa Zamu

Niko Chonburi, hapa hapa Thailand. Naomba niwatetee Wazungu kidogo, mnipige mkimaliza kusoma. Mwalimu bora niliyekutana naye huku ni mama wa Uskochi, mstaafu. Shule ilipomlazimisha abadilishe alama za mtoto wa tajiri ili afaulu, alikataa, akaandika barua. Sisi wengine wote, Wafilipino, Waafrika na hao vijana wa mabegi, tulibadilisha. Huku mtoto hafeli, mnajua. Aliyesimamia viwango pale ni mtu mmoja tu, na hakuwa sisi.

Bwana Chenchi

Ana pensheni ya Uingereza. Hata mimi ningekataa.

Mwalimu wa Zamu

Sawa, lakini alikataa. Na upande wa pili nina rafiki Mzulu, pasipoti ya Afrika Kusini, imo kwenye zile saba, Kiingereza kanyonya nacho. Anatuma maombi bila picha, wanampigia siku hiyo hiyo. Wakiwasha kamera, nafasi imejaa. Kwa hiyo hata orodha yenyewe wenye nayo hawaifuati.

Dada Mkuu wa Sehemu

Nyongeza kwa walioko Thailand, maana naona hisia nyingi na karatasi hakuna. KibaoCheusi, jina lako liko Kurusapa, baraza lao la walimu? Ruhusa ya muda ya kufundisha bila leseni ni ya miaka miwili, na anayeomba ni shule, si wewe. Wafilipino wanaheshimiana kwa sababu wanafuatiliana karatasi, mmoja akifika anaonyeshwa na wenzake wapi pa kusaini. Sisi tukikutana tunaulizana mshahara. Angalia pia mkataba: ukiwa wa miezi kumi, Aprili utakula upepo wakati kijana wa miezi kumi na miwili anamwagiana maji ya Songkran, sikukuu yao ya mwaka mpya. Upige picha kila ukurasa.

KibaoCheusi

Dada, ruhusa ninayo, mkataba ni kumi na miwili. Nilibanwa Aprili moja nikajifunza.

Wakili Asiyeitwa

Mimi ningeomba kwa maandishi: huo usikilizaji wa matamshi unafanywa kwa kigezo gani, na walimu wote au mmoja. Kwa adabu, nakala kwa mkuu wa shule. Hawapendi karatasi yenye nakala.

Mpemba wa Ruwi

Mie ningemwita huyo kijana kwa chai. Hana kosa la kuletwa. Kosa lake ni lile la "mpole", na hilo litarekebishika kwa vitumbua.

Bwana Chenchi

Bi, Isaan vitumbua vipo?

Mwalimu wa Zamu

Vipo, vya tui la nazi, wanaviita khanom krok. Vinauzwa getini asubuhi.

KibaoCheusi

Taarifa fupi wakuu. Leo kijana kaingia darasani kwangu. Mada ilikuwa wakati uliopita timilifu. Nikafuata ya Mzee wa Kericho, nikamkabidhi chaki. Kaandika mfano, mtoto mmoja akauliza kwa nini iko hivyo. Kijana kasema "inasikika vizuri tu". Mtoto kanigeukia mimi. Nikaeleza. Kijana kakaa nyuma kaandika, nikadhani anaandika makosa yangu, kumbe ananakili maelezo. Jioni kaniomba maandalio ya muhula mzima.

Chausiku_T

USIMPE.

Mpemba wa Ruwi

Mpe, lakini jina lako liandikwe juu ya kila karatasi.

Mzee wa Kericho

Muuzie.

Kijana wa Msata

Habari wakubwa. Nimesoma uzi wote. Mimi nina kidato cha nne, Kiingereza nina D, ila gita napiga vizuri. Mchongo wa China bado upo?